Kidonge cha jongo, duka lililoniuzia, na sista aliyeninyang'anya

Hii ni tathmini ya duka la dawa na ya kituo cha kusafisha damu. Nianze na duka, maana mkosi ulianzia hapo.

Liko Magomeni yetu ya Bagamoyo, msije mkalitafuta Magomeni ya Dar. Jina silitaji, kwa kuwa mwenyewe tunasalimiana msikitini na sitaki Ijumaa anipe mgongo. Duka lenyewe safi: kaunta ya kioo, feni, mizani ya kupima uzito mlangoni kwa shilingi mia mbili, na benchi la wazee. Kijana anayeuza ana adabu, shikamoo yake inakufikia kabla hujavuka kizingiti. Kwa panadoli, kwa bandeji, kwa dawa ya minyoo ya wajukuu, nakwenda hadi leo. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa, nalipatia nyota moja, na hiyo moja ni ya benchi.

Mimi ni fundi wa milango. Kibanda changu kiko Mji Mkongwe, upande unaoteremka kwenda ufukweni, na kama umewahi kupita hapo ukasikia nyundo ya mti inagonga patasi kwa mwendo wa mzee asiye na haraka, huenda ulinisikia mimi. Figo zangu zilisimama mwaka 2019. Presha nilijua ninayo nikaifanyia kiburi, na juu ya presha nikaweka miaka kumi na ushee ya kumeza diklofenaki kila mgongo uliponikamata, maana kuinamia ubao wa mvule kutwa nzima si kazi ya kusimuliwa. Daktari alinieleza kwamba dawa za maumivu za kundi hilo hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Nikamwambia, basi daktari, figo zangu nimezila mwenyewe, tena kwa shilingi mia mia. Hakucheka.

Tangu hapo maisha yangu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Saa kumi alfajiri nipo stendi. Kerege, Mapinga, Bunju, Tegeta, nalala nikiamka, mpaka kwenye kituo cha kusafisha damu upande wa Dar es Salaam. Nacho sitakitaja. Nina mazuri mengi ya kukisema na mabaya kadhaa, na kwa mabaya hayo sitaki mtu afukuzwe kazi.

Kwa wasiojua kazi hii inavyokwenda: unapimwa uzito kwanza. Uzito wangu mkavu, yaani ule ninaotakiwa kuwa nao maji yakiisha mwilini, ni kilo 61. Nikifika na 64 wanajua nimekunywa lita tatu ambazo sina pa kuzipeleka, maana haja ndogo nilishaagana nayo. Unakalishwa kwenye kiti cha kulala, unachomwa sindano mbili nene mkononi, damu inatoka kwa moja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa nyingine. Muda wa saa nne. Mkono wangu wa kushoto uliunganishwa mshipa unaoleta damu kutoka moyoni na ule unaoirudisha ili uweze kuhimili sindano hizo; wanauita fistula, na ukiitamka Bagamoyo watu wanakutazama vibaya kwa sababu neno hilo wanalijua kwa maradhi ya uzazi. Ukiweka kidole juu yake unasikia unanguruma kama paka aliyeshiba. Nashukuru ulikuwa wa kushoto. Nyundo naishika kwa kulia.

Mazuri ya kituo: maji. Watu hawafikirii maji, lakini mashine inatumia kama lita 120 kumsafisha mtu mmoja kwa kikao kimoja, na maji hayo lazima yachujwe mpaka yawe hayana kitu, kwa kuwa yanapita ukuta mmoja mwembamba tu na damu yako. Katika miaka yangu yote pale sijawahi kuona zamu imefutwa kwa sababu ya maji. Masista wanajua kuchoma. Nimechomwa mara mia kadhaa na waliokosea nawahesabu kwa vidole. Baya la kwanza: kiyoyozi. Damu ikitoka nje inapoa, wewe unatetemeka, na kiyoyozi kimewekwa kana kwamba tunahifadhiwa kama samaki. Baya la pili: sista mmoja kwa wagonjwa sita siku nyingine, na mashine zikianza kulia kwa pamoja utadhani soko la kuku.

Niliwahi kuona umeme ukikatika. Taa zilizima, kiyoyozi kikanyamaza (hilo lilikuwa zuri), na pampu ya mashine yangu ikasimama na damu yangu imo kwenye mipira. Jenereta ilichelewa. Sista alikuja bila kukimbia, akafungua kifuniko cha pampu, akatoa kijimkono na kuanza kuizungusha kwa mkono, taratibu, kama mtu anayesaga kahawa, huku akiniuliza habari za wajukuu. Damu ikarudi mwilini yote. Ndiye huyo huyo nitakayemtaja hapa chini.

Sasa kidonge.

Julai 2021. Wimbi lile la korona, kila mtu anamjua aliyemzika. Bagamoyo kulikuwa na harufu ya mchaichai na mwarobaini kila uchochoro, watu wanajifukiza. Mke wangu alinifunika blanketi juu ya sufuria nikajifukiza nami, na sikuona ubaya: jasho ndiyo njia pekee ya kutoa maji ambayo mwili wangu bado unaijua. Kilichonitia shaka ni vinywaji vya kuambatana, tangawizi na malimao lita kwa lita, kwa sababu sisi hatunywi tu. Kila kikombe nakihesabu. Hata dafu, na mimi mtoto wa pwani, nalitazama tu likinyewa na wengine, kwa ajili ya potasiamu ambayo ikipanda inasimamisha moyo.

Jumatano nikaamka na homa na kikohozi kikavu, mgongo umekatika. Nilijua. Watu wenye afya waliambiwa wakae nyumbani. Mimi kesho yake ni Alhamisi, na Alhamisi ninatakiwa niketi saa nne kwenye chumba kimoja na watu kumi na moja. Sina nyumbani ya kukaa. Mgonjwa wa kusafisha damu anayejificha wiki moja hafi kwa korona, anakufa kwa maji na potasiamu.

Nikamtuma mwanangu wa kiume dukani. Akarudi na bahasha ya khaki, shilingi elfu kumi na mbili, na salamu kwamba hii ndiyo dawa mpya ya Kanada, inapunguza uvimbe. Kwenye bahasha kwa kalamu ya bluu: kidonge kimoja asubuhi na jioni siku tatu, kisha kimoja kwa siku, siku ishirini na saba. Nilivimwaga juu ya meza ya kazi nikavihesabu kwa ncha ya patasi. Thelathini na tatu.

Nikasoma jina nikacheka. Kolchisini! Huyo namjua. Nina jongo, wengine sasa wanaita gauti, na kabla figo hazijafa nilikuwa nampa kazi kila kidole gumba kilipowaka usiku. Ni dawa ya kale, hutengenezwa kutokana na ua fulani la Ulaya, na watu wameitumia kwa jongo karne nyingi. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilimwona rafiki wa zamani. Nikameza kimoja mchana, kimoja usiku.

Alfajiri tumbo lilikuwa linakwenda kama bomba. Nikasema ni korona.

Kituoni walikuwa wamepanga vizuri, hilo nawapa sifa. Mwenye homa alikuwa anazuiliwa mlangoni, haingii na wengine. Anasubiri nje chini ya mwembe na anaingizwa zamu ya mwisho, viti viwili vya karibu na dirisha, sista mmoja asiyegusa wagonjwa wengine. Niliketi chini ya mwembe ule tangu saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Hilo ni baya la tatu: hawakuleta hata kiti chenye mgongo, niliegemea shina. Lakini niliingia, nikasafishwa.

Sista akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa pale tangu 2019.

"Mzee, tangu Jumanne umemeza nini na nini? Nitajie vyote, hata vya miti."

Nikamtajia. Dawa za presha. Panadoli. Mchaichai. Nikatoa bahasha mfukoni kwa kujivuna kidogo, nimwonyeshe kwamba sisi wa Bagamoyo hatuko nyuma.

Aliisoma bahasha. Akaisoma tena. Akaitia kwenye mfuko wa koti lake.

"Umeshakula vingapi?"

"Viwili."

"Tumbo?"

"Linaharisha."

"Baba, hii haitoki." Akagonga mashine kwa kucha. "Hii mashine inatoa potasiamu, inatoa maji, inatoa uchafu mwingi. Hii dawa haiitoi. Inajichimbia kwenye nyama. Mwenye figo anaikojoa kidogo kidogo, wewe unaikojoa wapi?"

Nikanyamaza. Baadaye daktari alipokuja alinipa hesabu: kwa mtu anayesafisha damu, jongo likimkamata, kipimo kinachoandikwa ni kidonge kimoja kisichozidi miligramu 0.6, mara moja basi, na asikirudie kabla wiki mbili hazijapita. Mimi nilikuwa nimeandikiwa thelathini na tatu kwa mwezi. Sumu yake huanza hivyo hivyo na kuharisha, kisha misuli inalegea, kisha uboho unaacha kutengeneza damu. Walinichukua vipimo siku ile na Jumamosi. Chembe za damu zilikuwa salama. Viwili havikutosha kuniua, na cha tatu mpaka thelathini na tatu vilikuwa kwenye mfuko wa koti la mtu mwenye akili.

Nilimkasirikia yule kijana wa duka wiki nzima. Halafu binti yangu, ambaye alikuwa anasomea ufamasia, akanipoza kwa kunieleza kwamba kijana hakuibuni. Lile andiko la bahasha, siku tatu mara mbili na siku ishirini na saba mara moja, ni kipimo kilichotumika kweli kwenye jaribio kubwa la Kanada, la taasisi ya moyo ya Montreal, kwa wagonjwa zaidi ya 4,400 ambao hawakuwa wamelazwa. Mwezi Januari 2021 taasisi ikatangaza kwa vishindo, habari ikazunguka dunia, ikafika mpaka Magomeni. Ila mambo mawili hayakufika. La kwanza, tofauti yenyewe ilikuwa nyembamba, waliolazwa au kufa walikuwa 4.7% kwa waliomeza na 5.8% kwa waliopewa kidonge kitupu, na kwa jumla ya washiriki wote tofauti hiyo haikupita kipimo cha wanatakwimu, yaani ingeweza kuwa bahati tu. La pili ndilo langu: watu wenye figo mbovu sana hawakuruhusiwa kuingia kwenye jaribio hilo.

"Baba," akaniambia, "waliandika mlangoni kwamba wewe usiingie. Halafu dawa ikatoka kwa mlango wa nyuma ikakufuata nyumbani."

Kwa fundi wa milango hiyo ilikaa. Mlango unapimwa kwa fremu yake. Ukichukua mlango uliopimwa kwa nyumba ya jirani ukaupachika kwako, kosa si la seremala aliyeuchonga.

Na hata kwa wenye figo zao kolchisini haikuwa kitu. Mwezi Machi mwaka ule ule, miezi minne kabla mimi sijameza, jaribio la Oxford liitwalo RECOVERY lilikuwa limeshasimamisha kuandikisha watu wa dawa hiyo: wagonjwa 11,340 waliolazwa, waliopewa walikufa 21% na wasiopewa 21%. Habari hii haikuwa na vishindo. Haikufika dukani.

Niseme neno kuhusu huo "uvimbe", maana umewapoteza wengi. Mimi nilipoambiwa dawa inapunguza uvimbe nilijitazama miguu; ilikuwa imevimba, lakini yangu huvimba kwa maji kila Jumatatu. Daktari akasema si huo. Alinieleza kwamba korona ikikaa siku saba nane mwilini, kwa watu wengine kinachoharibu mapafu si kirusi tena bali askari wa mwili wenyewe, wanawaka na kupiga ovyo hata kilicho chao. Dawa hizi kazi yake ni kuwatuliza askari. Sasa mtu wa kusafisha damu askari wake wana vituko viwili kwa pamoja: wamechoka, hawajui kupigana, na hapo hapo hawatulii, mwili uko motoni kidogo kidogo miaka yote. Ukiwatuliza mno, kirusi kinatamba. Ukiwaacha, wanachoma nyumba. Ndiyo maana wagonjwa wa aina yetu walihitaji kujaribiwa zaidi ya mtu yeyote, nasi ndio tuliobaki nje. Huko Ulaya katika wimbi la kwanza, kwa kila wagonjwa wanne au watano wa kusafisha damu walioambukizwa, mmoja alikufa ndani ya mwezi. Zamu yetu ya alfajiri ilianza Julai na watu kumi na wawili. Septemba tulikuwa tisa.

Jumapili oksijeni ya damu yangu ilishuka hadi asilimia 89. Nikalazwa, hospitali nyingine, nayo siitaji ingawa ni kwa mema. Na hapo nikakutana na dawa ya pili ya kundi hilo, na hii naipa nyota zote.

Deksamethasoni. Miligramu 6 kwa siku, siku kumi. Bei yake ni ya aibu kwa dawa iliyookoa watu wengi hivyo. Ni dawa ya tangu miaka ya hamsini, ipo kila hospitali. Wale wale wa Oxford walitoa matokeo yake Juni 2020: wagonjwa 2,104 walipewa, 4,321 hawakupewa. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wanapewa oksijeni tu, kwa moja ya tano. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni, haikusaidia kitu. Kwa hiyo Jumatano ile, mimi nikiwa na homa na kikohozi tu, hata hii ingekuwa ya kunidhuru bure. Jumapili ikawa ya kuniokoa. Dawa ile ile, mtu yule yule, siku nne kati. Kwa figo kipimo chake hakibadilishwi, kwa sababu ini ndilo linaloivunja.

Ubaya wake niliuona. Sukari yangu, ambayo haikuwahi kuwa na tatizo, ilipanda ikabidi nichomwe insulini siku tano. Usingizi ulikataa kabisa; saa nane za usiku nachora nakshi hewani kwa kidole, waridi na mnyororo, waridi na mnyororo, mgonjwa wa kitanda cha jirani akadhani naweweseka. Na njaa! Nilikula chakula cha hospitali nikakisifu, hapo mke wangu ndipo alipoogopa.

Nilitoka siku ya kumi na mbili. Chanjo ya Janssen ilikuwa imezinduliwa nchini tarehe 28 Julai, nami nilipopata nguvu nikaenda kuchanja. Nilikuta foleni fupi.

Kuna dawa nyingine za kutuliza askari zilizokuja baadaye na binti yangu akawa ananisomea kwenye simu jioni, mimi napiga msasa. Moja inaitwa barisitinibu, ya baridi yabisi. RECOVERY waliijaribu kwa watu 8,156, wakatoa matokeo 2022, vifo 12% kwa waliopewa na 14% kwa wasiopewa. Nikamuuliza kabla hajaendelea: na sisi? Akateremsha macho kwenye orodha. Wanaosafisha damu hawakuingizwa. Remdesiviri, ambayo si ya uvimbe bali ya kirusi chenyewe, wenye figo kama zangu waliwekwa kando kwenye jaribio lake kubwa la mwanzo, na ni mwaka 2023 ndipo Wamarekani waliporuhusu rasmi itumike kwa watu wa mashine. Miaka mitatu tunasubiri kwenye baraza la nyumba ya watu.

Siwatukani watafiti. Naelewa kwa nini wanaogopa kutuingiza: tunakufa kwa sababu nyingi, dawa inaweza kulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Ila najua pia kwamba jambo linawezekana likitakiwa. Hapa hapa Bagamoyo watu wanajua jaribio ni nini kuliko wanavyodhaniwa, kwa sababu Taasisi ya Afya ya Ifakara imekuwa ikijaribu chanjo za malaria mjini kwetu. Ile ya kwanza, RTS,S, ambayo jaribio lake kubwa lilianza 2009, na R21 mwaka ule ule wa 2021. Mjukuu wangu wa kike aliingia kwenye hiyo ya R21. Watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Mama yake alisomewa karatasi kwa Kiswahili, akauliza maswali mpaka yakamwishia, akaweka saini. Wakapigiwa kura: mtoto huyu apate chanjo ya malaria, huyu apate ya kichaa cha mbwa, na mzazi haambiwi. Jirani alisema huo ni mchezo. Mimi nikasema hapana, bora mtoto asiyepata ya malaria apate cha maana kuliko kuchomwa maji, na mbwa wa mtaani kwetu mnawajua. Shirika la Afya Duniani liliikubali R21 Oktoba 2023. Walijaribu kwa watoto kwa sababu watoto ndio wanaokufa kwa malaria. Hesabu ni hiyo tu.

Na kwa wagonjwa wa figo waliofanya hivyo nimewasikia pia. Jaribio la Cambridge, Uingereza, jina lake PROTECT-V, lilianza 2021 likiwaita makusudi wanaosafisha damu, waliopandikizwa figo na wenye figo zinazoshambuliwa na kinga ya mwili. Dawa ya kwanza ilikuwa niklosamidi, ambayo kwetu mnaijua kama dawa ya tegu, imegeuzwa ya kupuliza puani mara mbili kwa siku ili korona isiingie. Baadaye wakaleta siklesonidi, ya kutuliza pua yenye mzio, jamaa wa mbali wa ile deksamethasoni yangu. Dawa ya tegu haikuzuia korona. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi, na binti yangu hakunielewa. Nilifurahi kwa sababu safari hii jibu ni letu. "Hapana" iliyopimwa kwa fremu yangu naitundika ukutani kabla ya "ndiyo" iliyopimwa kwa jirani.

Nirudi kwenye huduma, maana hii ni tathmini na mtu anataka kujua aende au asiende.

Kituo kina daftari sasa. Sista yule alilianzisha baada ya bahasha yangu, la kurasa mia na kifuniko chekundu, limefungwa kwa kamba kwenye mizani ili lisitembee. Kila ukipima uzito unaulizwa umemeza nini tangu mara ya mwisho na linaandikwa. Mwanzoni watu walinung'unika, hasa kwenye dawa za miti, hakuna anayetaka kusema mbele ya watu kwamba amekunywa mizizi ya nguvu za kiume. Sasa wamezoea. Mama mmoja wa Mapinga anatamka zake kwa sauti kama anasoma orodha ya mahari. Nimeona kwa macho yangu daftari lile likizuia diklofenaki mara mbili na dawa moja ya gesi yenye aluminiamu.

Uongozi haujalipia daftari, sista analinunua mwenyewe. Hilo ni baya la nne, na nalipa uzito kuliko kiyoyozi.

Kijana wa duka nilikwenda kumwona baada ya mwezi. Nilikaa kwenye benchi nikangoja wateja waishe, nikamwambia bila ukali. Alishika kichwa. Akasema, "Baba, ungeniambia una figo." Kweli sikumtuma mwanangu na maneno hayo. Lakini fistula yangu ameiona mara ngapi mkononi nikipokea chenji? Sasa ameandika kwenye karatasi ya boksi, ameibandika kwenye kioo: Una figo, ini, mimba? Sema kwanza. Herufi zimepinda. Nimejitolea kumchongea kibao cha mkongo, bado hajanipa vipimo vya ukuta, kwa hiyo nyota inabaki moja mpaka avilete.

Kituo nakipa nne. Ingekuwa tano bila mwembe na daftari. Ukienda, beba blanketi lako na soksi. Fika mapema uchague upande wa ukutani, kiyoyozi hakipigi moja kwa moja. Kiti cha tatu kutoka dirishani usikikubali hata wakikubembeleza. Mguu wake wa nyuma umefungwa kwa waya na ukilala sana unaachia. Nimewaambia nitautengeneza bure, wananiambia mzee, wewe lala.